Siku Niliyoipigia Goti Mashine ya Faksi

Kuna mafundi wa boti pale Kirumba, njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, ambao wakiniona tu napita wanaweka mkono sikioni kama wanaongea na simu, halafu wanakunja goti taratibu mpaka chini, na mimi nageuza uso kutazama ziwa kama vile ndiyo mara ya kwanza naliona. Nina aibu na hii habari, sikatai, na kwa mtu kama mimi ninayependa kupita bila kuonekana (mama husema nikiingia ndani hata kuku hawageuki) ni aibu ya kunitosha mpaka nimalize shule. Lakini afadhali niiandike mwenyewe ilivyokuwa kuliko kuwaachia wale mafundi, maana wao kila wakiisimulia wanaongeza kitu.

Kosa lenyewe lilifanywa na shingo. Mdomo wangu siku hiyo ulikuwa umefungwa kama kawaida yake. Niliulizwa swali, shingo ikainamisha kichwa kwamba ndiyo, na mengine yote yakafuatia hapo.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, mimi kidato cha tatu, na mama alinitoa nyumbani Kisesa akanipeleka kwa kaka yake, mjomba Masanja, anayeuza vipuri vya injini za boti hapo Kirumba, Mwanza. Niliambiwa naenda kusaidia dukani, ila nilimsikia mama akimweleza jirani sababu yenyewe: "Labda akikaa na wateja atafungua mdomo." Basi nikakaa na wateja, mdomo haukufunguka. Nilipanga maboksi, nikafuta vumbi, nikafunga propela kwenye magazeti, na nilipokosa kazi nilichora, kwa sababu kuchora hakuhitaji kusalimiana na mtu.

Mjomba ni mtu wa heshima zake. Anauza vitu vya grisi lakini tai lazima, kila siku, hata Jumamosi, na ana sharubu nene na miwani mikubwa inayofanya macho yake yaonekane yako karibu kuliko pua. Hatupi kitu. Karatasi ikiandikwa upande mmoja, kwake hiyo bado nzima, anairudisha kwenye rundo kando ya printa ichapwe upande wa pili. (Kumbukeni hilo rundo.) Na juu ya meza yake kuna mashine kubwa ya rangi ya maziwa, ina mkono wa simu ubavuni na vitufe ambavyo maandishi yake yamefutika kwa kubonyezwa, na hiyo ndiyo faksi. Kwenye kamusi ya shule wanaiita nukushi, na hapo ndipo elimu yangu kuhusu faksi ilipokuwa imeishia. Mjomba anaitumia kwa mtu mmoja tu duniani, mzee mmoja wa Japani anayemuuzia vipuri, ambaye hataki barua pepe wala ujumbe wa simu, anataka karatasi yenye saini na muhuri, na wamefanya biashara hivyo tangu mimi sijazaliwa bila kuonana hata mara moja.

Asubuhi hiyo alikuwepo dukani Mama Magesa. Huyu ni mama wa visiwani, upande wa Ukerewe, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo, na ana boti yake ya kuvusha watu na mizigo. Injini ya boti hiyo gia ilikuwa imeliwa meno yote, boti ikawa imelala mchangani, na kuna bwana mmoja ameleta boti mpya yenye turubai anawachukua abiria wake.

"Wakishamzoea yule na kivuli chake, Masanja, mimi imekwisha," alisema. "Nitafugia kuku kwenye boti."

Mjomba akamwambia gia hiyo Mwanza nzima haipo, iko kwa mzee wa Japani, na bahati nzuri mzee anafunga mzigo wa kuja huku leo hii. Ila kule wanafunga ofisi wakati huku kwetu ni saa tano asubuhi. Agizo likifika kabla ya hapo, gia inapanda. Likichelewa, itasubiri mzigo mwingine, na wa lini hakuna ajuaye. Akachapa agizo, akalitia saini, akagonga muhuri, halafu simu yake ya mkononi ikaita, kuna mtu Mwaloni anamngoja na injini ndani ya maji. Akanigeukia.

"Milembe, faksi unaiweza?"

Sasa hapa mnielewe. Kusema "siiwezi" kulihitaji sauti, Mama Magesa ananitazama, na mafundi wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya mlango wakinywa chai. Kuinamisha kichwa hakuhitaji kitu. Nikainamisha.

"Safi. Weka karatasi, bonyeza kile kitufe cha juu kabisa, namba ya mzee imehifadhiwa humo, itapiga yenyewe." Akaondoka na tai yake ikipepea.

Nikaikaribia ile mashine kama mtu anayekaribia mbwa wa wenyewe. Pale pa kuingizia karatasi palikuwa na kialama kidogo, karatasi yenye kona iliyokunjwa na mistari mistari, na mimi nikakitafsiri kwamba maandishi yatazame juu, yaani uso wa karatasi unione mimi. Nikaiweka hivyo, nikabonyeza. Mashine ikawaza kidogo, ikaivuta karatasi taratibu huku inakoroma krrr krrr, nikafurahi, halafu ile karatasi ikatokea upande wa pili ikadondoka mezani. Ilivyo. Nzima. Na saini yake na muhuri wake.

Mama Magesa akaitazama, akanitazama.

"Imerudi hiyo."

Nikaona kweli imerudi. Kama ingekuwa imeenda Japani ingefanya nini tena hapa mezani? (Nyie mnaocheka, ninyi mmeshawahi kutuma faksi?) Nikairudisha, nikabonyeza tena, ikakoroma tena, ikatoka tena. Mama Magesa akasogeza kiti.

"Labda imekunjamana. Inyooshe."

Nikainyoosha kwa kiganja. Ikatoka. Akasema niipulizie vumbi, nikapuliza. Ikatoka. Akasema niisukume kidogo isiogope, nikaisukuma, na mashine ikatoa mlio wa kulalamika lakini ikaimeza, halafu ikaitoa. Kila mara kuna kitu kingine kilichapwa kwa nyuma, kikadondoka kwenye kikapu nyuma ya meza, sikukijali, nilidhani ni mambo ya ndani ya mashine.

"Mwanangu, imekukatalia kabisa," Mama Magesa akasema, na safari hii hakuwa anatania, alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inaelekea saa nne na nusu. Mimi jasho likaanza kunitoka nyuma ya masikio.

Ndipo mashine ikaita. Kama simu.

Tuelewane tena. Mimi nimelelewa na bibi yangu, Msukuma kweli kweli, na kwa bibi mtoto wa kike akimwamkia mtu mzima anapiga goti, hakuna mjadala, na mkubwa asipoitikia unabaki hapohapo chini mpaka ajibu, ujue umekosea kitu. Na simu ile sikuwa na shaka ni ya mzee wa Japani. Mtu mwenye umri wa babu yangu. Nikanyanyua mkono wa simu, goti likashuka lenyewe.

"Shikamoo."

Kimya. Halafu: piiiiip. Kimya. Halafu: piiiiip.

Nikajua hakusikia. "Shikamoo, babu."

Piiiiip.

Nikawaza pengine ni mke wake. "Shikamoo, bibi." Piiiiip. Nikaongeza na "mwangaluka", sijui kwa nini, nadhani nilitaka nijaribu na Kisukuma, na hapo goti la pili nalo likawa limefika chini. Hakuna marahaba wala nini. Nikafikiri nimemuudhi, mzee wa watu amepiga kutoka Japani nami nimemrudishia karatasi yake mara zote hizo.

"Samahani, babu," nikasema, "tunaituma ila inarudi."

Kutoka mlangoni nikasikia fundi mmoja akimuuliza mwenzake, "Huyu anaongea na nani?"

"Na bosi wake."

"Mbona bosi anapiga filimbi?"

"Labda refa."

Nikakata simu. Ikaita tena. Nikapiga goti tena (aibu ya kwanza haikunifundisha), ikalia piiiiip, nikakata. Ikaita tena. Mama Magesa akasema, "Hebu nipe mimi," akaweka sikio, akakunja uso, akarudisha mkono wa simu mahali pake polepole. "Huyu mtu anaumwa," akasema. Ikaita tena.

Mjomba alinikuta nipo chini sakafuni kwa mara ya tatu, mkono wa simu mikononi, machozi yananilengalenga, Mama Magesa ameshika kichwa, na mafundi mlangoni na chai yao, wameongezeka.

"Milembe, umeangusha nini?"

"Anamwamkia Mjapani," fundi akajibu kwa niaba yangu. "Hataki kuitikia."

Mjomba akachukua mkono wa simu, akasikiliza, lakini ilikuwa imeshakatika. Akavuta kiti akakaa. Simsahau kwa hilo, hakunifokea mbele ya watu, aliuliza tu kwa ile sauti yake ya polepole, "Ulisema unaiweza?" na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nifike, nikamjibu mtu aliye mbele yangu kwa neno zima, wateja wakisikia.

"Siiwezi."

"Basi sikia, maana muda hatuna. Karatasi haiendi popote. Mashine inaisoma tu, inayageuza yale iliyoyaona yawe sauti, sauti inapita kwenye waya wa simu, kule mashine nyingine inaisikiliza na kuchapa upya kwenye karatasi yake. Yako lazima itoke hapa, hiyo ndiyo dalili imesomwa. Na hiyo filimbi ni mashine ya mzee inaamkia. Inasema mimi ni faksi, na wewe je? Yetu nikiiacha ipokee yenyewe itawapigia kelele wateja wanaopiga namba hiyohiyo, ndiyo maana unanyanyua mwenyewe, ukisikia piiip unabonyeza hiki cha kijani, yetu inajibu, zikishaitikiana ndiyo zinaanza kuzungumza."

"Kwa hiyo ni shikamoo na marahaba," Mama Magesa akasema.

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Basi mtoto hakukosea sana. Tatizo wote wawili walikuwa wanaamkia."

Mafundi wakacheka mpaka chai ikawapalia, na hata mimi nilitaka kucheka, lakini mjomba alikuwa ameshainama nyuma ya meza kutoa vile vikaratasi kwenye kikapu. Kumbe ndizo ripoti. Mashine ikimaliza kutuma inachapa ripoti, namba iliyopigiwa, imefika au haikufika, na ya mjomba ameitega ionyeshe na picha ndogo ya ukurasa wenyewe ili mtu asije kubisha. Akaipandisha miwani. Akaishusha. Akaisogeza ripoti dirishani kwenye mwanga.

"Imefika," akasema. "Zote zimefika. Lakini hii ni nini?"

Nikasogea. Nikaona. Nikatamani sakafu inimeze kama ile mashine inavyomeza karatasi, ila mimi nisitokee upande wa pili.

Jana yake mchana nilikuwa nimechora sangara. Sangara mkubwa, amesimama kwa mkia, ana sharubu nene, miwani mikubwa, tai, na mdomo wazi kama anataja bei. Chini yake, kwa herufi kubwa ili mtu asipate shida, niliandika MJOMBA. Nilipomaliza niliuficha ule mchoro kwenye rundo la karatasi kando ya printa, nikiona ndipo mahali salama kuliko pote duniani. Naye mjomba, asiyetupa kitu, alichukua karatasi ya juu akachapa agizo mgongoni mwake. Na kile kialama cha mashine kilikuwa kinasema maandishi yatazame chini. Agizo nililiweka linione mimi, sangara akaiona Japani.

Mara zote hizo. Sangara baada ya sangara.

Mama Magesa akaichukua ripoti, akaisogeza karibu na uso, akamtazama mjomba, akaitazama tena ripoti. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Masanja," akasema, "umetoka vizuri."

Mjomba hakucheka. Mimi nilijua anachowaza, kwamba mzee wa watu miaka yote hii anaijua saini yake tu, na leo, siku ya kufunga mzigo, amepokea mfululizo wa samaki wenye tai, na kila alipopiga kuuliza kulikoni, sisi tulimkatia. Mtu akifanyiwa hivyo angeamini nini kingine kutoka kwetu? Mama Magesa naye akaacha kucheka, akatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika chache.

"Gia yangu," akasema kwa sauti ndogo, na sauti yake ndogo ilinitisha kuliko ile kubwa.

Mjomba akachukua karatasi mpya, nyeupe pande zote mbili, nadhani ndiyo iliyomuuma kuliko chochote siku hiyo. Akachapa, akasaini, akagonga muhuri. Akanipa mimi.

"Weka wewe. Uso chini."

Nikaiweka uso chini, nikabonyeza, na kioo kidogo cha mashine kikaandika: Laini inatumika. Nikafikiri tumekwisha, lakini mjomba akasema niiache, itapiga yenyewe tena. Tukasimama wote kuizunguka, mimi, mjomba, Mama Magesa na mafundi, ambao sasa walikuwa wameingia kabisa ndani na vikombe vyao. Ikangoja. Ikapiga. Laini inatumika. Ikangoja. Ikapiga, na safari hii mjomba aliifungulia ile spika ya kusikilizia aliyokuwa ameifunga, tukasikia ile piiiiip, halafu kutoka mbali, kutoka Japani kweli, mlio wa kukwaruza ukajibu.

"Marahaba hiyo," Mama Magesa akanong'ona.

Karatasi ikavutwa yote, ikatoka upande wa pili, na safari hii hakuna aliyesema imerudi. Ripoti ikatoka: imefika. Saa tano kasoro kidogo. Lakini kufika siyo kukubaliwa, tukakaa. Halafu ikaita.

Mjomba akaninyooshea mkono wa simu. Nikaupokea, goti likataka kushuka, nikalizuia kwa mkono. Piiiiip. Nikabonyeza cha kijani.

Faksi haileti karatasi kwa mara moja, inaileta mstari kwa mstari, kama inakutania. Kwanza ikatokea tarehe na namba. Halafu kitu cha mviringo.

"Chungu," fundi akasema.

Ikaja miwani.

"Chungu chenye miwani."

Ikaja tai. Halafu ikaanza kutokea mikono, mmoja, mwingine, mingine, imejipinda kila upande, na ule mwili wote ukiwa umeinama mbele kabisa.

"Samaki gani huyu?" Mama Magesa akauliza.

"Pweza," nikasema. Nilisema kwa sauti, wote wakanigeukia. "Ni pweza, yuko kwenye kitabu cha baiolojia. Na anaamkia."

Chini ya pweza, kwa herufi za kuchora polepole za mtu asiyejua neno lina maana gani, kulikuwa na MJOMBA. Na chini kabisa muhuri wa Kijapani na mistari michache ya Kiingereza ambayo mjomba aliisoma kimya, kisha akatutafsiria. Gia moja, imewekwa kwenye mzigo, inaondoka leo. Na kwamba anashukuru sana kwa picha, miaka yote hii alikuwa akijiuliza mwenzake anafananaje.

Mjomba akakunja ile karatasi, akaikunjua. Sharubu zikaanza kucheza.

"Kwa hiyo huyu mzee," akasema, "anaamini mimi ni sangara."

"Na wewe ukimtumia barua umwandikie Ndugu Pweza," Mama Magesa akasema, na hapo mjomba akacheka, jamani, sijawahi kumwona mjomba anacheka, alilegeza tai, akavua miwani akafuta macho kwa ncha ya ile tai, na Mama Magesa akanikumbatia nikapotea kifuani kwake kama shilingi kwenye kitenge.

Gia ilifika. Nimerudi tena Mwanza likizo hii ya mwisho wa mwaka, na boti ya Mama Magesa inavusha watu, ameiwekea na turubai. Yule pweza alianza kufifia, kumbe karatasi ya faksi inachapwa kwa joto na ikikaa kwenye mwanga maandishi yanaondoka yenyewe, lakini nilipotaka kumwambia mjomba tuiwahi, nikakuta ameshatoa nakala, ameiweka chini ya kioo cha meza yake pamoja na sangara wangu, wanatazamana. Nakala ameitoa kwenye karatasi ya upande mmoja.

Mimi nimejiwekea nadhiri, na nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari hili: sitainamisha kichwa tena kwa kitu nisichokijua. Neno "siiwezi" ni fupi, halimalizi pumzi, na kama ningelisema asubuhi ile ningekuwa napita Kirumba kwa amani.

Ingawa juzi simu ya dukani, ileile ya faksi, iliita, mjomba yuko stoo, wateja wamejaa, nikanyanyua. Piiiiip. Nikapeleka kidole kwenye cha kijani, halafu nikasikia kwa nyuma mawimbi, na injini, na watu wanacheka, na ile piiiiip ikakatika kuvuta pumzi. Mashine haivuti pumzi. Nilijua ni nani. Wateja wote walikuwa wananitazama, mafundi wawili wakiwa miongoni mwao, na mimi nikakunja goti, nikausogeza mkono wa simu mdomoni, na kwa sauti ambayo mama angeisikia kutoka Kisesa nikamwitikia Mama Magesa:

"Krrrrrr."